Zaburi za kilio kando ya anayeteseka: ipi uchague, uisomeje, na wapi watu hukosea

Maneno yanayosemwa sana kwa mfiwa Mkristo ni ya Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Ni andiko kweli, Ayubu 1:21. Lakini angalia aliyelisema. Ni mfiwa mwenyewe, baba aliyezika watoto kumi, na hakuna mtu aliyemtangulizia maneno hayo mdomoni. Kisha ukifungua sura ya 3, mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Anayelikimbilia andiko hili ili kumnyamazisha mwenzake anamzuia asifike sura ya 3, na kitabu kina sura 42.

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri. Elifazi, Bildadi na Sofari walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Wakaharibu walipofungua midomo. Na hawakusema upuuzi: mengi waliyoyasema, kwamba apandaye uovu huvuna uovu, utayakuta hata katika Mithali. Waliyachukua yaliyo kweli kwa jumla wakamvisha mtu ambaye hayakumhusu. Mwishoni, Ayubu 42:7, Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Huyo Ayubu ndiye aliyemlalamikia Mungu kwa sura nyingi, tena kwa sauti ya juu. Aliyemlalamikia Mungu ana kwa ana alihesabiwa kuwa amenena sawa, na waliomtetea Mungu kwa maelezo yasiyomhusu Ayubu walikemewa.

Ndiyo maana sianzi na maelezo ya chanzo cha uovu. Maelezo yapo, na mengine ni mazito. Agostino wa Hippo, askofu na mwalimu wa Kanisa aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba uovu si kitu kilichoumbwa bali ni upungufu wa wema unaopaswa kuwapo. Darasani nalitetea fundisho hilo. Kando ya kitanda halifai kitu, kwa sababu mgonjwa hakuuliza uovu ni nini. Ameuliza Mungu yuko wapi. Kwa swali hilo Biblia imetupa sala zilizokwisha kuandikwa, zaburi za maombolezo, na katika zaburi 150 hilo ndilo kundi kubwa kuliko yote.

Chukua Zaburi 13, ambayo ndiyo fupi ya kujifunzia. Ina mistari sita tu. Mstari wa 1 na wa 2 ni malalamiko: "hata lini" inarudi mara nne. Tazama linavyozunguka: hata lini wewe utanisahau, hata lini utanificha uso, hata lini mimi nitahangaika moyoni, hata lini adui atanipanda juu. Mungu, mimi, adui. Pande zote tatu za maumivu zimetajwa, na Mungu ndiye wa kwanza kuulizwa. Mstari wa 3 na wa 4 ni ombi, tena ombi lenye hoja: uniangalie, uniitikie, nisije nikafa, adui asije akasema amenishinda. Mstari wa 5 na wa 6 ni tumaini na wimbo. Zaburi nyingi za kilio zina viungo hivihivi: kumwita Mungu kwa jina, kulalamika, kuomba, kukiri tumaini, kuahidi sifa. Mpangilio hubadilika, na kiungo kimoja kinaweza kukosekana.

Kati ya mstari wa 4 na wa 5 hakuna kinachoelezwa. Adui hajaondoka, ugonjwa haujapona. Huo ufa ndio sehemu ngumu kuliko zote kwa msomaji, nitaurudia.

Sasa uchaguzi. Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, na mara nyingi hufanywa na watu wenye nia njema kabisa. Kanisa la Magharibi limerithi orodha ya zaburi saba za toba: 6, 32, 38, 51, 102, 130 na 143. Kwa kuwa zina machozi, watu huzichukua kama zaburi za wagonjwa. Soma Zaburi 38:3 polepole uone: hakuna amani mifupani mwangu kwa sababu ya hatia zangu. Mtu aliyepata habari za saratani asubuhi, ukimsomea mstari huo jioni, umemwambia kwamba mifupa inauma kwa ajili ya dhambi. Hukukusudia, lakini umefanya kazi ya Elifazi, tena kwa kutumia sauti ya Mungu. Yesu alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, alijibu kwamba si huyu wala hao (Yohana 9:3). Alipotajiwa habari za msiba, aliwakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4). Zaburi 51 na 38 ni za mtu aliyekwisha kusema mwenyewe, "nimekosa." Asiposema, ziache. Ya 6 ni tofauti kidogo: imo kwenye orodha ya toba, ila haina ungamo la dhambi hata moja, na mstari wake wa 6 unaeleza kitanda kilicholowa machozi. Hiyo inamfaa mgonjwa asiyelala usiku, mradi umtayarishe kwa mstari wa kwanza unaotaja hasira ya Mungu.

Kwa hali nyingine, hivi ndivyo ninavyochagua. Aliyesalitiwa na mtu wa karibu, Zaburi 55. Mistari ya 12 hadi 14 inasema wazi kwamba aliyemwumiza si adui bali rafiki. Mzee anayeogopa kutupwa, 71. Aliyezama katika huzuni isiyo na jina, 42 na 43 kwa pamoja, maana ni wimbo mmoja uliokatwa na kiitikio chake kinarudi mara tatu. Jamii iliyopigwa na maafa, 44 au 74. Ya 44 ina ujasiri wa pekee: watu wanasema hawakumsahau Mungu wala hawakuvunja agano, na bado wamepondwa, kisha wanamwambia Bwana aamke, mbona amelala. Paulo alinukuu zaburi hiyohiyo katika Warumi 8:36, muda mfupi kabla ya kusema hakuna kitakachotutenga na upendo wa Mungu.

Angalia namba pia. Vitabu vinavyofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini huwa nyuma kwa namba moja katika nyingi ya zaburi kati ya 10 na 147, hivyo 13 huandikwa 12 na 88 huandikwa 87. Watu wawili wenye Biblia tofauti wakikubaliana kwa simu kusoma namba fulani, wanaweza kuishia kusoma sala mbili zisizofanana.

Kusoma kwenyewe hakuhitaji ufundi mwingi, ila kunahitaji subira. Omba ruhusa kwanza, na ukubali kukataliwa. Keti, usisimame juu ya mgonjwa. Mwambie kabla kwamba sala hii ni kali, asishtuke. Soma malalamiko kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza kilio, kisha nyamaza. Dakika nzima. Dakika moja ya kimya ni ndefu kuliko unavyodhani, na wengi huivunja baada ya sekunde kumi kwa kukohoa au kuanza kuomba. Usiivunje; mara nyingi ndani yake mtu husema lile alilokuwa amelificha. Akisema, usilisahihishe. Akisema "Mungu amenitupa," zaburi imesema hivyo tayari, na Yesu msalabani alisema maneno ya Zaburi 22:1 kwa sauti kuu (Marko 15:34). Kisha soma ombi, na mruhusu aweke ombi lake hapo kwa maneno yake.

Halafu unafika kwenye ule ufa. Mstari wa tumaini usomwe na nani? Mgonjwa akiwa hawezi, usimlazimishe, usome wewe kwa niaba yake, na umwambie hivyo: "Hili nitalisema mimi leo." Zaburi ni sala ya kusanyiko pia, kwa hiyo mmoja anaweza kubeba sehemu ambayo mwenzake haiwezi. Na siku ambayo hata hilo ni zito, ishia mstari wa 4 wa Zaburi 13. Hakuna sheria iliyovunjwa. Zaburi 88 yote ina cheche moja tu ya tumaini, pale mstari wa kwanza unapomwita Mungu wa wokovu wangu. Mingine yote inashuka, na mstari wa 18 unaishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo, bila kuifungia "haleluya" nyuma. Mhubiri anayeisoma kisha akaongeza nyongeza ya furaha ameongeza kile ambacho wao hawakukiona cha lazima.

Zaburi za laana, yaani zile zinazomwomba Mungu awapige adui, zinaleta tabu yake. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Kanisa Katoliki liliziondoa tatu kabisa katika Masifu, sala zake rasmi za kila siku, yaani 58, 83 na 109, pamoja na mistari kadhaa ya nyingine, kama ile ya mwisho ya 137. Sababu ilikuwa ugumu wake kwa wanaosali. Naelewa uamuzi huo kwa sala ya hadhara. Kwa mtu mmoja aliyebakwa au kuporwa shamba lake, naona 109 ina kazi: hasira inakabidhiwa kwa hakimu badala ya kupelekwa kwa panga. Isomwe faraghani, na jina la mtuhumiwa lisitajwe kwa sauti mbele ya ndugu wenye hasira. Hilo la mwisho si adabu tu. Kuna watu walioumizwa kwa sababu jina lilitamkwa katika sala.

Na Shetani? Katika Ayubu anaonekana sura ya 1 na ya 2, kisha anatoweka. Ayubu hajui kabisa kwamba alikuwapo. Hamkemei hata mara moja. Maneno yake yote magumu anampelekea Mungu. Zaburi nazo haziongei na Shetani popote. Sisemi kwamba hakuna roho waovu, Yesu aliwakemea. Nasema kumpigia kelele pepo juu ya kitanda cha mgonjwa kunamfanya mgonjwa kuwa uwanja wa vita vya watu wengine, na asipopona anabaki na swali jipya la kutisha: je, bado yumo ndani yangu?

Tumaini la uzima ujao linahitaji uangalifu uleule wa wakati. Zaburi za kilio zenyewe hazina mbingu ya kukimbilia. Zinasema wafu hawamsifu Bwana (6:5, 88:10-12), na zinaitumia kama hoja: nikifa, nani atakuimbia? Ahadi ya kuamka kutoka mavumbini inasikika waziwazi katika Danieli 12:2 na inafunguka katika Agano Jipya. Lakini soma Yohana 11 kwa makini. Martha anamwambia Yesu, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa" (mst. 21). Mariamu anasema maneno yaleyale (mst. 32). Martha anajibiwa kwa mafundisho juu ya ufufuo, naye anayapokea na kuyajadili. Mariamu ameanguka miguuni akilia, na hapewi fundisho lolote. Yesu anauliza walikomweka, kisha analia. Yeye aliyejua kwamba muda mfupi baadaye Lazaro atatoka kaburini. Kwa hiyo mfiwa akiuliza kuhusu ufufuo, mjibu kikamilifu, na usikwepe tofauti zilizopo: Wakatoliki na Waorthodoksi huwaombea marehemu, Waadventista hufundisha kwamba wafu wamelala hadi ufufuo, na Waprotestanti wengi husema waaminio wako na Kristo mara moja. Akiwa analia tu, swali hilo hajaliuliza. Paulo hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Na katika Ufunuo 6:10 roho za wafia imani, walioko chini ya madhabahu ya mbinguni, bado wanalia "hata lini". Hawakemewi kwa imani haba. Wanapewa mavazi meupe na kuambiwa wastarehe kidogo.

Zaburi ina mpaka wake. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria: alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha tena ale. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Mtu akikuambia anataka kufa, funga Biblia kwa muda na umuulize wazi kama amefikiria kujiua, na kwa njia gani. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu au kamba iliyo karibu, na umfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Anayepigwa nyumbani umtafutie kwanza mahali salama, na usisome naye zaburi yoyote ikiwa anayempiga yumo chumbani. Katika hali zote mbili usiahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu ahadi hiyo itakufunga mikono saa utakapohitaji kumpigia simu daktari.