Wenzo hautoi nguvu ya bure: dhana potofu kuhusu kuinua na kuzungusha

Chomeka mtaimbo chini ya jiwe zito, tegesha kijiwe chini ya mtaimbo karibu na jiwe hilo, kisha kandamiza ncha ya mbali. Mtaimbo huo ni wenzo, na kijiwe unachoegemea ni egemeo lake. Jiwe lililowashinda watu wawili linainuka kwa mkono mmoja. Kwa kuwa jambo hili linashangaza kweli, wengi huondoka na maelezo yasiyo sahihi.

Dhana: Wenzo hukupunguzia kazi

Wenzo hupunguza nguvu unayotumia, lakini kazi inabaki ile ile. Mkono wako ukiwa mbali na egemeo mara 10 kuliko jiwe, unahitaji kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu. Lakini ili jiwe lipande sentimita 2, mkono lazima ushuke sentimita 20. Kazi ni nguvu mara umbali, kwa hiyo ulichookoa huku umekilipa kule.

Archimedes, mwanahisabati Mgiriki aliyeithibitisha kanuni hii katika karne ya 3 kabla ya Kristo, anasimuliwa kuwa alisema akipewa mahali pa kusimama angeisogeza Dunia. Hesabu haimpingi, ila tazama gharama yake. Tungamo la Dunia ni kilo 6 yenye sufuri 24 mbele yake. Mtu wa kilo 60, ili aiinue sentimita 1 tu, angelazimika kushusha ncha yake ya wenzo umbali wa miaka-nuru 100,000 hivi (mwaka-nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), karibu sawa na upana wa galaksi yetu!

Dhana: Nati iliyokwama inataka mtu mwenye nguvu

Inataka nguvu na umbali kutoka katikati ya nati, vikizidishwa pamoja. Zao hilo huitwa momenti. Ukivuta spana ya sentimita 25 kwa newtoni 400, sawa na kubeba kilo 40 hivi, unapata newtoni-mita 100. Mpini ukifika mita 1, newtoni 100 zinatosha kutoa momenti ile ile. Ndiyo maana mafundi huchomeka kipande cha bomba kwenye spana.

Mwelekeo wa kuvuta nao una neno. Vuta kwa pembe mraba na mpini. Ukivuta kwa nyuzi 30, nusu ya momenti imepotea, na ukivuta kuelekea nati yenyewe, hakuna kinachozunguka hata ukitoka jasho. Na tahadhari moja ninayoisisitiza: bomba hilo lisitumike kukazia. Mkono hausikii uzito wowote, huku bolti ikisokotwa hadi inakatika.

Dhana: Bisibisi ndefu huzungusha skrubu kwa nguvu zaidi

Hii huwanasa hata watu makini, kwa sababu wameshajifunza kwamba urefu wa spana unasaidia. Tofauti ni kwamba mpini wa spana unakwenda mbali na mhimili wa mzunguko, yaani mstari wa katikati unaozungukwa, ilhali bisibisi imelala juu ya mhimili wenyewe. Irefushe utakavyo, kiganja chako hakijasogea mbali na mhimili hata kidogo. Kinachohesabika ni unene wa mpini: wenye kipenyo cha sentimita 4 hutoa momenti maradufu ya ule wa sentimita 2, kwa mbano ule ule wa mkono. Skrubu ikigoma, tafuta mpini mnene. Bisibisi ndefu ina faida yake mahali pengine: kufikia skrubu iliyojificha ndani, au kubandua kifuniko cha kopo la rangi, maana hapo imegeuka wenzo.

Dhana: Ubao ulioegemezwa katikati hulingana pale tu uzito wa pande zote unapokuwa sawa

Si lazima. Mtoto wa kilo 30 akikaa mita 2 kutoka katikati ya ubao, analingana na mtu wa kilo 60 aliyekaa mita 1.

Dhana: Kila wenzo hurahisisha mzigo

Toroli, mkasi na mtaimbo hurahisisha. Mkono wako hufanya kinyume. Egemeo lake ni kiwiko, na msuli unaoukunja umeshikamana na mfupa kama sentimita 4 tu mbele ya kiwiko, wakati kiganja kiko sentimita 35 hivi. Kushika kilo 5 huku mkono umekunjwa pembe mraba kunaudai msuli uvute kana kwamba umebeba zaidi ya kilo 40. Faida yake ni mwendo: msuli ukijikunja kidogo tu, kiganja kinapita upinde mrefu na kwa kasi, ndiyo maana tunaweza kurusha jiwe mbali.

Taya nalo ni la aina hiyo. Egemeo lake liko karibu na sikio, na magego yako karibu nalo kuliko meno ya mbele. Mfupa ukiwa mgumu, ulimi unausukuma nyuma kwenye magego bila wewe kufikiri.