Nyaya nene za betri na chaji kwenye gari la zamani: dhana potofu na ukweli

"Stata ikizunguka kwa uchovu, badilisha waya wa chanya, kazi imekwisha." Dhana hii ndiyo inayowapotezea watu pesa zaidi. Umeme unaokwenda kwenye stata lazima urudi kwenye betri kupitia bloki ya injini na waya wa hasi. Injini imekaa juu ya maunti za mpira, kwa hiyo waya wake wa erthi (unaoiunganisha na hasi ya betri) ukilika, umeme hutafuta njia ya mkato: kebo ya mafuta au ya klachi. Ukikuta ganda la kebo ya mafuta limeyeyuka kwenye Corolla ya miaka ya 1990, kagua erthi kabla ya kitu kingine.

Pima kwanza, ndipo ununue. Zuia cheche za plagi ili injini izunguke bila kushika, weka mita kwenye DC 20V. Ncha moja iguse nguzo ya betri yenyewe, si klempu. Nyingine iguse bolti nene ya stata. Mtu apige stata sekunde tatu. Ikizidi volti 0.5, kuna mahali umeme unapotea. Rudia upande wa hasi, kutoka nguzo hadi bloki ya injini. Hapo usikubali zaidi ya 0.3. Sasa hamisha ncha ya kwanza kutoka nguzo hadi klempu. Usomaji ukishuka ghafla, waya hauna kosa: ni uchafu kati ya nguzo na klempu, na kipande cha msasa kinatosha.

"Waya ukionekana mnene, ni mzuri." Ganda la plastiki linadanganya. Soma milimita za mraba zilizochapwa juu yake, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hupitisha umeme takriban theluthi mbili tu ya shaba halisi. Shaba ya 16 mm², stata ikivuta ampea 200, hupoteza karibu volti 0.24 kwa kila mita. Ya 35 mm² hupoteza 0.11. Kwa injini ndogo ya petroli, 25 mm² zinatosha. Dizeli ipe 35 au 50.

"Waya mnene wa chaji utaunguza alternata au kuchemsha betri." Kinachoamua volti ni regyuleta, kidhibiti cha alternata (mashine inayochaji betri injini ikiwaka), kwa kawaida kati ya 13.8 na 14.5. Waya mnene hufikisha tu volti hizo kwenye betri. Alternata ikitoa 14.2 na betri ikapata 13.5, betri haijai vizuri, sahani zake zinaota salfeti, na lawama inaangukia betri mpya.

Hatari ya kweli iko kwingine, na hapa tunasisitiza: watu huunga waya wa pili kutoka alternata moja kwa moja hadi betri, bila fyuzi. Bolti ya B ya alternata, inayotoa chaji kwenda kwenye betri, ina umeme hata gari likiwa limezimwa. Waya huo ukisuguliwa na bodi hadi ganda likatoboka, umeme wote wa betri unamwagika hapo na gari linaweza kushika moto. Kwa alternata ya ampea 80, tumia waya wa 16 mm² na fyuzi ya ampea 100 karibu kabisa na betri, umbali usizidi sentimita 20. Waya mwembamba wa S (unaopimia regyuleta volti za betri), kama upo, uache ulipo.

"Lagi ilehemiwe kwa risasi ndiyo itashika." Lagi ni kile kichwa cha chuma chenye tundu mwishoni mwa waya. Risasi ya kulehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, kisha mtikisiko wa injini unazikata pale ugumu unapoishia. Bana lagi kwa koleo la haidroliki, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Nyundo haibani sawasawa.

Grisi nayo haipitishi umeme. Kwangua rangi kwenye bodi hadi chuma king'ae, kaza bolti, ndipo upake grisi juu kuzuia kutu.

Wakati wa kufungua, anza na hasi; wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Baada ya siku chache, piga stata kisha gusa kila kiungo kwa kidole. Kilicho moto kuliko waya wake hakijabanwa vizuri, kifungue ukirudie.