Paka Wasio na Mwenyewe: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Palipo na jalala, ghala la nafaka au jiko linalolisha watu wengi, paka hawakosi. Hawana mwenyewe, hawashikiki, na kila baada ya miezi michache wanaonekana wameongezeka. Hapo watu hugawanyika. Kuna wanaotaka paka hao wakamatwe, wapelekwe mbali au wauawe, na kuna wanaotoka jioni na sahani ya mabaki kwenda kuwalisha. Kambi hizi mbili hazisalimiani, lakini zina kosa moja la pamoja: zote zinawatazama paka waliopo leo, wala haziwahesabu watakaozaliwa miezi miwili ijayo. Sehemu kubwa ya dhana potofu kuhusu paka hawa inatokana na kosa hilo.

“Waondoeni wote, tatizo litakwisha”

Inaonekana ni hesabu nyepesi: wako kumi, toa kumi, baki sifuri. Lakini paka hawakufika pale kwa bahati. Walifuata chakula, maji na mahali pa kujificha. Ukiwaondoa wao na kuliacha jalala, umewafungulia nafasi wengine. Paka wa jirani waliokuwa wakifukuzwa mpakani na madume wakubwa huingia, na wale wachache waliokwepa mtego huzaa, na watoto wao hupona kwa wingi zaidi kwa kuwa walaji wamepungua.

Watafiti wa Tasmania, nchini Australia, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Walikuwa wakiwaua paka wachache wachache katika maeneo mawili, huku kamera zikiwahesabu waliobaki. Badala ya kupungua, paka waliojulikana kuwa hai waliongezeka kwa asilimia 75 katika eneo moja na asilimia 211 katika lingine. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba wakubwa wenye eneo walipouawa, wageni waliingia.

Je, haiwezekani kabisa kuwamaliza? Inawezekana, ila tazama gharama yake. Kisiwa cha Marion, kilicho chini ya Afrika Kusini, kililetewa paka watano mwaka 1949 ili wale panya wa kituo cha hali ya hewa. Kufikia 1977 walikadiriwa kupita 3,000, na ndege wa baharini waliokuwa wakiliwa kwa mwaka walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Kwanza virusi vya ugonjwa wa paka vilisambazwa kwa makusudi, kisha wakaja wawindaji wa usiku wenye bunduki, kisha mitego na sumu. Paka wa mwisho waliondolewa mwaka 1991, na hicho ni kisiwa kisicho na wakazi wa kudumu, ambako hakuna paka mwingine anayeweza kutembea kwa miguu kuja kuziba pengo. Mtaa wenye barabara pande zote nne hauna bahari ya kuuzingira.

Kuhusu sumu ya kutegwa kwenye nyama sitasema mengi. Haichagui inayemuua. Mbwa wa mtu ataila, ndege mla mizoga ataila, na mtoto anaweza kuiokota.

“Mimi nawalisha, basi nimewasaidia”

Hili ndilo gumu kulisema, kwa sababu anayelisha ana moyo mzuri. Lakini jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anapoonekana bado mtoto. Mimba ni kama wiki tisa. Na anaweza kupandwa na kushika nyingine huku bado ananyonyesha wa kwanza. Jike anayekula vizuri huzaa vizuri. Kulisha bila kufunga kizazi ni kuwazidisha paka, na kwa maoni yangu anayekataa upasuaji huku akiendelea kumwaga chakula kila jioni anachangia vifo vingi vya watoto wa paka kuliko jirani yake mkali.

Nasema vifo kwa sababu upande wa wanaotetea kufunga kizazi nao una chumvi yake. Kuna hesabu maarufu inayodai kwamba paka wawili na uzao wao wanaweza kufika paka 420,000 katika miaka saba. Si kweli. Wanahesabu wa Chuo Kikuu cha Washington walipoulizwa waipitie, walitoa makadirio ya kati ya 100 na 5,000. Hesabu ile kubwa inawachukulia watoto wote kuwa watapona, na hawaponi. Utafiti mmoja wa North Carolina, Marekani, uliwafuata watoto 169 wa paka wasio na mwenyewe. Robo tatu yao walikufa au walitoweka kabla ya miezi sita, na majeraha ndiyo yaliyoongoza katika vifo vilivyojulikana sababu. Basi kufunga kizazi kunapunguza paka wa kesho, na pia kunazuia uzazi ambao zao lake kubwa ni vifo.

Chakula chenyewe kiwe na utaratibu: saa ile ile kila siku, mchana, sehemu ile ile iliyo mbali na milango ya watu. Baada ya nusu saa vyombo viondolewe, maji yabaki. Kinachokesha nje kinalisha panya na nzi, na kinawapa majirani sababu halali ya kulalamika. Utaratibu huo una faida nyingine. Paka waliozoea saa yao ya kula hujitokeza wote kwa pamoja, ukawahesabu, ukamwona anayechechemea, ukajua tumbo la nani limeanza kukua. Na siku ya kuwatega wanakuja wenyewe.

“Kuwafunga kizazi ni ukatili, tena wanakatwa masikio!”

Utaratibu unaotumika sana ni huu: kutega, kufunga kizazi, kuchanja, kurudisha. Siku moja kabla, kundi linanyimwa chakula ili njaa iwaingize mtegoni. Mtego ni kizimba kirefu cha nyavu za chuma, mwisho wake kimewekwa kitu chenye harufu kali kama samaki wa kopo, na katikati pana kibao ambacho paka akikikanyaga mlango unafunga nyuma yake. Paka aliyenaswa huruka na kujigonga kwenye chuma. Ukimtazama unaweza kudhani umemtesa. Tupia shuka kizimba chote, kiwe giza, na mara nyingi ndani ya dakika chache anatulia. Mtu asithubutu kuingiza mkono. Hata daktari wa mifugo mara nyingi humchoma sindano ya usingizi akiwa bado ndani ya kizimba.

Ncha ya sikio, kwa kawaida la kushoto, hukatwa mstari ulionyooka, kama sentimita moja, paka akiwa bado kwenye nusukaputi ile ile ya upasuaji. Hasikii maumivu. Sababu yake ni ya kumlinda: paka huyu hashikiki, hawezi kuvishwa mkanda ambao siku moja utamnyonga kwenye tawi, na kovu la tumbo halionekani kwa mbali. Sikio lililokatwa linaonekana ukiwa ng'ambo ya barabara. Bila alama hiyo, jike atategwa tena na kupasuliwa tena kutafutwa kizazi kisichokuwapo.

Na ile kauli kwamba jike lazima azae walau mara moja ndipo afungwe? Haina msingi wowote wa kitabibu. Kinyume chake, jike aliyefungwa kabla ya kuanza kulilia madume hupata saratani ya matiti kwa nadra sana. Upasuaji unaweza kufanywa mtoto akifika kama kilo moja, yaani karibu miezi miwili. Dume aliyehasiwa hupunguza mapigano, kuzurura na ule mkojo wa kuta unaonuka mtaa mzima. Mapigano yakipungua na kuumana kunapungua, na kuumana ndiko njia kuu ya kuambukizana virusi vya upungufu wa kinga vya paka, ambavyo havimpati binadamu.

Baadaye anarudishwa pale pale alipotegwa, siku moja hadi tatu baada ya upasuaji, akiwa ameamka kabisa. Ukimfungulia akiwa bado anayumba umempeleka kwa mbwa na magari.

“Paka ni paka, mchukue nyumbani atazoea”

Inategemea ni nani. Mtoto wa paka hujifunza kumwamini binadamu hasa kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake. Dirisha hilo likipita bila mkono wa mtu kumgusa, mtu kwake ni mnyama hatari, na mkubwa wa aina hiyo akifungiwa chumbani hujificha nyuma ya kabati kwa wiki kadhaa, hali chakula vizuri, na akibanwa anararua. Kumlazimisha aishi na watu hakumpi raha.

Lakini katika kundi hilo hilo huwa wamo waliowahi kuwa na nyumba wakatupwa au wakapotea. Huyu atakutazama usoni, atalia, pengine atakuja mkia juu. Yule wa kuzaliwa nje hukaa kimya, hujikunja chini na kuangalia pa kukimbilia. Ndani ya mtego wote wanaonekana wakali, kwa hiyo usihukumu siku hiyo. Wanaofugika watafutiwe watu, maana kila anayepata nyumba ni mmoja aliyetoka nje kwa njia nzuri. Katika chuo kikuu kimoja cha Florida kati, kundi la paka 155 waliofuatiliwa kwa miaka 11 lilibaki na 23 kufikia 2002, na karibu nusu ya wote walichukuliwa na watu kufugwa. Watetezi wa kufunga kizazi husahau kuitaja sehemu hiyo.

“Watatuletea magonjwa”

Kichaa cha mbwa ni hatari ya kweli, na ndiyo maana chanjo yake hutolewa paka akiwa bado amelala kwa dawa. Aliyeng'atwa au kuparuliwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Meno ya paka ni membamba, hupenya ndani, na tundu dogo linaloonekana si kitu linaweza kuvimbisha mkono mzima.

Toksoplazma, ugonjwa wa vimelea, ndiyo inayotia hofu zaidi, hasa kwa wajawazito, na hofu hiyo mara nyingi inaelekezwa pasipo. Ni kweli kwamba vimelea hivi hukamilisha uzazi wao kwenye utumbo wa jamii ya paka pekee. Lakini kwa kawaida paka huvitoa kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na kinyesi hicho huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza. Watu wengi huvipata kwa kula nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa, au kwa kushika udongo na kupeleka mkono mdomoni. Mjamzito avae glavu bustanini na amwachie mwingine kazi ya kinyesi cha paka. Kumfukuza paka anayepita ukutani hakumkingi na nyama mbichi.

“Afadhali wawepo, wanakula panya”

Kiasi. Katika kituo kimoja cha taka jijini New York, watafiti walirekodi kwa kamera kwa siku 79. Paka walijaribu kuwashambulia panya wakubwa mara tatu tu, wakaua wawili. Panya walichofanya zaidi ni kujificha, kwa hiyo watu wanaona panya wachache na kudhani wameliwa. Paka hupendelea windo dogo kuliko buku: panya mdogo, mjusi, ndege.

Na ndege ndio hoja ambayo mpenda paka hapaswi kuikwepa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema paka nchini Marekani huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Paka aliyefungwa kizazi bado anawinda. Kwa hiyo kwenye kisiwa chenye ndege wanaotaga chini, au kando ya hifadhi yenye mnyama adimu, kumrudisha paka si jibu, hata kama sikio lake limekatwa. Njia hii inafaa mitaani, viwandani na kwenye viwanja vya taasisi.

Katika chakula na dawa, kwa ufupi. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Chakula cha mbwa hakina kirutubisho cha taurini cha kumtosha paka, na akikitegemea kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini humuua paka, na paracetamol kadhalika, hata kipande.

Ukikuta watoto wa paka peke yao, usiwabebe papo hapo. Mama huenda yuko mawindoni au amekuona na anasubiri uondoke. Nyunyiza mstari mwembamba wa unga kuwazunguka, ondoka, rudi baada ya saa chache. Unga ukiwa umekanyagwa, mama alikuja. Wakiwa baridi na hakuna dalili yake, wapashe joto kwanza polepole ndipo uwalishe, kwani tumbo lililopoa halisagi chakula.

“Tukishawafunga kizazi, kazi imekwisha”

Mji wa Newburyport, Massachusetts, Marekani, ulianza mwaka 1992 na paka karibu 300 ufukweni. Wa mwisho alikufa mwaka 2009. Ni miaka 17, na mji huo unahesabiwa kuwa mfano wa mafanikio. Penye wanaofanya nusunusu, matokeo ni sifuri: watafiti waliopiga hesabu za kaunti mbili za Marekani waliona kwamba kundi halipungui mpaka asilimia 71 hadi 94 ya paka wake wawe wamefungwa, na kiwango hicho kidumishwe. Italia, sheria namba 281 ya mwaka 1991 inakataza kuwaua paka waishio huru na inaagiza wafungwe kizazi na kurudishwa kundini, na bado walezi wa Roma wana kazi kila siku, kwa sababu watu hawaachi kutupa paka.

Kabla ya kutega mtego wa kwanza, andikeni kila paka: rangi, jinsia, tarehe ya upasuaji, chanjo. Akionekana mwenye masikio kamili, mtego urudi wiki hiyo hiyo. Na tafuteni mlezi wa pili mapema, anayejua saa ya chakula na namba ya daktari, kwa ajili ya siku yule wa kwanza atakapougua au kuhama.