Umeokota sarafu ufukweni: utajuaje kama ni ya kale kweli?

Mjomba wangu aliwahi kuokota kidude cha kijani mchangani, siku ya bamvua, maji yakiwa yamekupwa mbali. Kilikuwa kama kifungo cha koti. Alipokigeuza aliona dalili ya herufi za Kiarabu, akakipeleka nyumbani na kukisugua kwa ndimu na majivu mpaka kikang'aa kama sufuria ya harusi. Herufi nazo zikaenda na majivu. Hadi leo hakuna ajuaye kilikuwa kitu gani.

Kwa hiyo kabla ya yote, usiisugue. Shaba ikikaa miaka mingi kwenye chumvi, uso wake wenyewe hugeuka kutu ya kijani, na mara nyingi herufi zinabaki ndani ya kutu hiyohiyo. Ukiibandua umebandua maandishi. Isuuze kwa maji ya bomba, iache ikauke, basi. Fedha hutoka baharini nyeusi. Dhahabu haibadiliki rangi.

Kutu nayo huigizwa. Chovya pamba kwenye dawa ya kutoa rangi ya kucha uipitishe polepole juu ya sarafu: pamba ikitoka na kijani, imepakwa rangi. Kisha sogeza sumaku, hata ile ya spika mbovu. Ikinasa, ina chuma ndani, na hapo sahau sarafu za masultani wa Kilwa, mji wa kale wa pwani ya kusini mwa Tanzania. Halafu tazama ukingo. Sarafu iliyogongwa kwa muhuri haina mshono. Bandia za kumimina kwenye kalibu mara nyingi huacha mstari unaozunguka ukingo mzima, hata kama umepigwa tupa. Lakini sarafu za kale za China zilimiminwa tangu asili, kwa hiyo kwao mstari huo si kesi. Iliyopatikana kisiwani Manda, karibu na Lamu, mwaka 2013 ni ya namna hiyo: ina tundu la mraba katikati na jina la enzi ya Yongle, mfalme aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424.

Sasa tuje kwa zinazotafutwa na kila mtu, za Kilwa. Za shaba ni ndogo, hazikukaa duara sawasawa, na uzito wake haulingani hata kwa sultani mmoja. Hazina mwaka, hazina thamani, hazina picha. Mtu akikuletea "sarafu ya Kilwa" ya shaba yenye tarehe, mpe chai aende zake. Kilicho juu yake ni mashairi. Sarafu za Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya Kiarabu *yathiqu bi-mawla al-minan*, yaani anamtumaini Bwana wa neema. Sikiliza vina: Hasan, minan. Ugeuze upande huu au ule, ubeti unatimia mkononi. Masultani waliomfuata nao walitafutiwa maneno ya kumsifu Mungu yanayoendana na majina yao. Ndiyo maana anayesoma Kiarabu anaweza kukisia herufi zilizolika upande mmoja kwa kusikiliza upande wa pili, jambo ambalo hakuna mizani itakayokufanyia.

Ila niseme ukweli: ulichookota huenda si cha Kilwa. Kwenye fukwe zetu kinachotegemewa zaidi ni robo anna, sarafu ya shaba ya Kihindi, pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria (1882) yenye picha ya mizani, au heller ya Wajerumani, ile iliyotuachia neno "hela". Heller moja ina uzito wa gramu 4 na mwaka wake umeandikwa waziwazi, kati ya 1904 na 1913. Hizi hazihitaji mtaalamu, zinahitaji macho.

Mwaka ulioandikwa, hata hivyo, nao hudanganya. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye jina la malkia wa Austria, iliyotumika Zanzibar, Oman na Uhabeshi, imeandikwa 1780 hata zile zilizogongwa karne ya 20, tena si Vienna tu bali pia London na Bombay. Hapo tarehe haikusaidii kitu. Kinachobaki ni kujua kama ni fedha ya kweli. Nenda kwa sonara. Riale nzima ina gramu 28 na kidogo. Weka gilasi ya maji juu ya mizani yake ndogo, rudisha namba kwenye sifuri, ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa kitako. Namba itakayotokea kwa gramu ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Halisi itakupa karibu 2.75. Ya shaba na nikeli yenye uzito uleule itapita 3. Kama imelika kwa mchanga, gawanya uzito wake kwa namba hiyo. Jibu likizunguka 10, una fedha mkononi.

Umri una uzito kisheria pia. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Kenya wameweka mpaka kwenye 1895. Ya Kilwa imo ndani ya mipaka yote miwili, kwa hiyo ipeleke makumbusho, usiipeleke kwa mtalii. Na ukienda, nenda na maelezo: ufukwe gani, tarehe gani, ilikuwa juu ya mchanga au imetoka kwenye ukingo ulioliwa na mawimbi, na kama kando yake kulikuwa na vigae au shanga. Piga picha kabla ya kuiinua.

Maelezo hayo si urasimu. Mwaka 1944, askari wa Australia aitwaye Maurie Isenberg, aliyekuwa zamu kisiwani Marchinbar kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu 9 mchangani, akazitia kwenye kopo. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zitazamwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa, za kweli kabisa, na majina ya masultani yakasomeka. Ni nani aliyezivusha Bahari ya Hindi mpaka kule, na karne gani? Mwaka 2013 watafiti walirudi kisiwani na ramani aliyokuwa ameitia alama mzee huyo. Swali bado liko palepale.