Diski ngumu haitibiwi kwenye friza

Kuna ushauri wa siku nyingi: diski ngumu ikianza kugonga tak, tak, tak na kompyuta isiione, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, ilaze kwenye friza usiku kucha, eti baridi itaachilia sehemu zilizokwama na asubuhi itasoma. Tafadhali usifanye hivyo.

Ndani ya diski kuna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Vichwa vya kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, wakati unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa itoe diski kwenye baridi: hewa yenye unyevu huingia kupitia kitundu chake cha kupumulia na umande ukatanda juu ya sahani. Kichwa kikikumbana na unyevu huo kinaweza kukwangua utando wenye data, na kilichokwanguliwa hakirudi, hata kwa fundi bingwa.

Wapo waliobahatika, sikatai. Lakini kuna njia salama zaidi, kwa sababu wakati mwingine mlio huo hutokana na umeme usiotosha. Zima, badilisha kebo, ijaribu mara moja kwenye kompyuta nyingine. Ikisoma, nakili kwanza picha na nyaraka usizoweza kuzipata tena. Ikiendelea kugonga, ichomoe umpelekee mtaalamu wa kuokoa data.

Diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu, hazina kabisa sehemu inayozunguka, kwa hiyo kwao friza haina hata cha kuachilia.