Je, wajua mrushaji wa akiba anaweza kuruhusu pointi 3 na rekodi yake ikabaki sifuri?

Kwa muda mrefu nilikuwa nasoma takwimu za besiboli ya Marekani kama ninavyosoma msimamo wa ligi ya soka: natafuta safu moja, namwona aliyetangulia, yamekwisha. Kwa warushaji safu hiyo huitwa ERA, na mwenye namba ndogo ndiye bora. Nikimkuta mrushaji aliyeingia dakika za lala salama (mchezo huu hauna saa, lakini umenielewa) ana 0.00, namvika taji. Kumbe wengine niliowavika walikuwa wamebomoa kazi ya wenzao.

Msingi wake ni huu. Mrushaji humrushia mpira mpigaji wa timu pinzani; mpigaji akizunguka besi tatu na kurudi alipopigia, yaani nyumbani, ni pointi. Mechi ina inningi 9, na katika kila moja timu hupiga hadi watu wake watatu watolewe. Mrushaji aliyeanza akichoka au akizidiwa, kocha humtoa na kuingiza wa akiba. ERA huchukua pointi ambazo mrushaji kaziruhusu, bila zile zilizoletwa na makosa ya wadakaji wenzake, ikazidisha kwa 9 na kugawanya kwa inningi alizorusha.

Sasa tazama. Mrushaji wa kwanza kamaliza inningi 6 kwa kuruhusu pointi 1 tu, ERA yake ya siku ni 1.50. Inningi ya 7 mambo yanamgeuka: wapigaji watatu wanafika besi mfululizo, besi zote tatu zimejaa, na hakuna hata mmoja aliyetolewa. Anatoka, anaingia wa akiba. Mpira wake wa kwanza unapigwa hadi ukutani. Wakimbiaji wote watatu wanafika nyumbani, mpigaji anasimama besi ya pili. Baada ya hapo wa akiba anatulia, anawatoa watatu wanaofuata, inningi inaisha.

Karatasi inasemaje? Wa akiba: inningi 1, pointi 0, ERA 0.00. Na yule wa kwanza, ambaye muda wote huo yuko benchi na barafu begani, anaandikiwa pointi 4. ERA yake ya siku sasa ni 6.00.

Mimi nilidhani pointi huandikwa kwa aliyekuwa na mpira mkononi wakati inaingia. Sivyo. Huandikwa kwa aliyemruhusu mkimbiaji kufika besi. Fikiria daladala. Dereva kajaza abiria kupita kiasi, halafu anashuka njiani na kumwachia deiwaka usukani. Trafiki wako mbele. Deiwaka mwerevu atajua pa kupita, mzembe ataenda kusimama mbele yao. Lakini faini ikiandikwa, inaandikwa kwa jina la aliyepakia. Deiwaka anaondoka na leseni safi, awe mwerevu au mzembe.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kanuni inahesabu viti, haitazami sura. Tuseme wa akiba kakuta mkimbiaji mmoja besi ya kwanza. Mpigaji anagonga mpira chini, wadakaji wanamtoa yule mkimbiaji wa zamani, na mpigaji mwenyewe anabaki besi ya kwanza. Huyu mpya kaletwa na wa akiba, sivyo? Akifika nyumbani, pointi bado inaandikwa kwa mrushaji aliyetoka. Abiria kashuka, mwingine kakalia kiti chake, kiti ni kilekile. Na tangu 2020, mechi ya msimu wa kawaida ikivuka inningi ya 9, kila timu huanza inningi na mkimbiaji ambaye tayari amewekwa besi ya pili bila kupiga chochote. Huyo akifika nyumbani, pointi inahesabika kwenye matokeo lakini haiingii kwenye ERA ya mtu yeyote.

Kanuni haina ubaya wote, maana aliyejaza besi kweli kazijaza. Besi tatu zikiwa zimejaa na hakuna aliyetolewa, kwa wastani pointi zaidi ya 2 huingia kabla ya inningi kuisha. Kwa hiyo wa akiba anayeziba zote ameokoa pointi 2 na zaidi, lakini ERA yake itasoma 0.00, sawasawa na ya yule aliyeruhusu zote 3.

Ipo hesabu ya asilimia ya wakimbiaji waliorithiwa, yaani wale ambao wa akiba aliwakuta kwenye besi, ambao walifika nyumbani. Kwa kawaida ni kama theluthi moja. Inasaidia, ila usiishike kwa mikono miwili: kwa msimu mzima mrushaji mmoja hurithi wakimbiaji wachache, na kumrithi aliye besi ya tatu hakulingani na kumrithi aliye ya kwanza. ERA yenyewe nayo huyumba, kwa kuwa wa akiba hurusha inningi chache. Mwenye inningi 60 na pointi 15 ana 2.25. Usiku mmoja mbaya wa pointi 5 bila kumtoa mtu, anaamka na 3.00.

Nikakimbilia sevu (kwa Kiingereza “save”, kuokoa), takwimu rasmi tangu 1969 ya wa akiba anayelinda uongozi wa timu yake hadi mwisho, nikiamini jina lake: hii lazima ihesabu waliookoa. Yule aliyewatoa watatu mfululizo besi zikiwa zimejaa inningi ya 7 haipati, asipobaki hadi mwisho wa mechi. Upande wa pili, anayeingia timu yake ikiongoza, akarusha inningi 3 za mwisho vizuri, anastahili sevu hata uongozi uwe mkubwa kiasi gani. Tarehe 22 Agosti 2007 huko Baltimore, Wes Littleton wa Texas Rangers aliingia timu yake ikiongoza 14 kwa 3. Alirusha inningi hizo 3, wenzake wakaendelea kupiga, na mechi ikaisha 30 kwa 3. Sevu: Littleton.