Je, wajua mwamba uliopoa zamani unavyotaja joto lake?

Miamba mingi ya metamofiki iligeuka ikiwa makumi ya kilomita chini ya ardhi, bila kuyeyuka, mahali ambapo hakuna kipimajoto kilichowahi kufika. Leo imepoa na unaweza kuishika mkononi. Hata hivyo mwanajiolojia atakuambia kwamba huu ulifikia nyuzi 750 za Selsiasi, na ule nyuzi 560 tu. Anajuaje?

Jibu limo katika uchafu mdogo mno uliomo ndani ya fuwele.

Tuchukue rutili, madini ya rangi nyekundu iliyokolea ambayo kikemia ni oksidi ya titani. Baadhi ya nafasi za titani ndani yake hukaliwa na atomi za zirkoniamu. Atomi hizi ni kubwa kuliko za titani, kwa hiyo zinabana mpangilio mzima wa fuwele. Joto likiwa dogo, fuwele huzikataa karibu zote. Joto likipanda, atomi zote hutikisika kwa nguvu na zirkoniamu nyingi zaidi hupata nafasi.

Mwaka 2004 Thomas Zack na wenzake walionyesha uhusiano huu kwa kupima miamba ya asili ambayo joto lake lilikwisha kukadiriwa kwa njia nyingine. Mwaka 2006 Bruce Watson, David Wark na Jay Thomas wakaongeza ushahidi wa maabara: walikuza rutili kwa joto walilolipanga wenyewe. Kwa mlinganyo wao, rutili yenye sehemu 100 za zirkoniamu kwa milioni ilijijenga kwenye nyuzi 560 hivi; yenye sehemu 1,000, kwenye nyuzi 750 hivi. Kiasi hicho hupimwa kwa mtambo unaoelekeza mwale wa elektroni kwenye chembe moja, kisha kusoma eksirei zinazotoka.

Mbona watu wasipime tu elementi zilizojaa tele, kama chuma na magnesi? Wanapima, na kwa muda mrefu ndiyo ilikuwa njia kuu. Tatizo ni kwamba madini ya ganeti na biotiti huendelea kubadilishana chuma na magnesi wakati mwamba unapoa, na kipimo kinashuka pamoja na joto. Zirkoniamu, yenye chaji kubwa, husogea polepole zaidi. Hapo ndipo thamani yake ilipo: mara nyingi hubaki na kumbukumbu ya joto kali hata baada ya elementi nyingine kuipoteza.

Lakini namba peke yake haitoshi. Lazima mwamba uwe na zirkoni, madini yanayogawa zirkoniamu, na kwatzi pia, ambayo ni oksidi ya silikoni. Zirkoni isipokuwepo, rutili inakosa cha kutosha na joto unalokokotoa ni la chini kuliko la kweli. Kwatzi ikikosekana, kosa huelekea juu. Mgandamizo nao huingilia, kwani ukiongezeka huibania zirkoniamu nafasi. Mwaka 2007 Tomkins na wenzake waliuingiza katika hesabu, na tofauti inaweza kufikia makumi ya nyuzi.

Muhimu zaidi, kwa maoni yangu, ni kutazama chembe ilipokaa. Rutili iliyofungwa ndani ya ganeti inaweza kutunza joto la siku ganeti ilipoimeza, huku jirani yake iliyo nje ikionyesha joto la kilele, au la baadaye kabisa. Nyingine, katika kupoa, zimetema zirkoniamu yake ikawa visindano vya zirkoni ndani ya chembe ileile. Asiyeviona visindano hivyo kwa darubini atapata joto dogo na kuliamini.

Kwatzi nayo hufanya kazi hiyo ya kipimajoto, safari hii titani ikiingia mahali pa silikoni. Joto na mgandamizo huigusa kwatzi kwa namna tofauti na rutili, hivyo ukipima zote mbili katika mwamba mmoja, zikiwa zimekua pamoja, mistari yao kwenye mchoro wa joto na mgandamizo hukatana, na unapata joto pamoja na mgandamizo, yaani kina.